Mkono wa gazi

Katika mkutano wa juma lililopita dada mmoja aliniuliza mbele ya wote: "Wewe, mama wa watoto wanne, unaendesha pikipiki namna gani bila kuogopa?" Wote wakacheka, mimi nami nikacheka, kisha saa ya kufunga ikafika na sikumjibu vizuri. Leo nimepewa nafasi katika ukurasa huu, basi nitamjibu. Dada yangu, ninaogopa sana. Lakini nilifundishwa namna ya kuuogopa mteremko na kuushuka, na fundisho lenyewe lilianza na kelele.

Sisi tunaokaa Bukavu tunaijua kelele hiyo. Saa kumi na moja ya asubuhi, giza bado halijaondoka, motari anafika kumchukua jirani anayesafiri. Hashuki kubisha hodi. Anabaki juu ya pikipiki yake, anazungusha gazi: vuum! vuum! vuum! Mtoto mchanga anashtuka, mbwa wanaanza kubweka, mgonjwa anageuka kitandani. Kwa miaka mingi nilidhani gazi ni hiyo tu, majivuno ya vijana. Sikujua kwamba mzunguko uleule mdogo wa mkono wa kuume, ukifanywa kwa wakati wake, unamkinga mtu aliyebebwa nyuma. Nilikuja kulijua jambo hilo baada ya mtoto wangu kuvunjika mkono.

Siku ya mayai

Ilikuwa mwezi wa 11, wakati wa mvua, miaka minne iliyopita. Nilitoka soko la Kadutu pamoja na binti yangu, ambaye siku zile alikuwa na miaka mitano, na nilikuwa nimenunua plato moja ya mayai 30. Mji wetu mnaujua. Ziwa Kivu lenyewe liko zaidi ya mita 1400 juu ya bahari, na nyumba zetu zimepanda vilima kuanzia ukingo wa maji mpaka juu kabisa. Huendi popote bila kupanda, wala hurudi bila kushuka.

Nilisimamisha motari mmoja, kijana mwenye adabu, akatusalimu vizuri. Tukapanda kama tunavyopanda wengi hapa: yeye mbele, mtoto katikati, mimi nyuma na mayai mkononi. Yeye alikuwa na kaske, sisi hatukuwa nayo.

Tulipoanza kushuka alikuwa katika vitesi ya tatu, na mwendo ulikuwa unaongezeka. Mbele yetu watu walikuwa wanavuka. Akavuta ambreyaje, akaingiza vitesi ya pili, kisha akaachia mkono kwa ghafula. Pikipiki ilishtuka kama mtu aliyejikwaa gizani. Tulitupwa mbele wote, na uzito wangu ukamsukuma mtoto. Gurudumu la nyuma likateleza upande juu ya matope, nasi tukalala chini pamoja na pikipiki.

Hatukugongwa na gari. Hakukuwa na shimo, hakukuwa na mtu aliyetuingilia. Tuliangushwa na mkono mmoja ulioachiwa haraka. Binti yangu aliangukia mkono wake, mfupa ukavunjika karibu na kifundo, akafungwa plasta majuma sita. Katika mayai 30, saba yalibaki mazima. Sijui kwa nini mpaka leo ninaikumbuka hesabu hiyo.

Kijana alilia kuliko mtoto. "Mama, unisamehe," alisema, "pikipiki imenikataa." Sikupata nguvu ya kumkasirikia. Nilikuja kujua kwamba alikuwa na majuma matatu tu katika kazi. Rafiki yake alimfundisha alasiri moja, na kesho yake akaanza kubeba watu, maana mwenye pikipiki anangoja pesa yake kila jioni, awe dereva amejua au hajajua.

Kinu na michi miwili

Mdogo wangu ni fundi wa pikipiki. Alipokuja kumwona mtoto nilimsimulia yote, nikamaliza kwa maneno ya yule kijana: pikipiki ilimkataa. Akatikisa kichwa. "Yaya, pikipiki haimkatai mtu. Alirudisha vitesi bila gazi."

Nilimwambia sielewi. Kama mtu anataka kupunguza mwendo, kwa nini atie gazi? Si ndiyo itakayomkimbiza zaidi?

Akanieleza hivi. Moteri inazunguka, na gurudumu la nyuma linazunguka. Kati yao kuna ambreyaje. Ukivuta kishikio cha mkono wa kushoto, umewatenganisha, kila mmoja anazunguka kivyake. Ukiachia, umewaunganisha tena. Sasa, kila vitesi ina mwendo wake. Pikipiki ikiwa katika mwendo uleule wa barabarani, vitesi ya pili inaitaka moteri izunguke haraka kuliko vitesi ya tatu. Lakini dereva anapovuta ambreyaje huku gazi imefungwa, moteri inafanya kinyume chake: inashuka, inanguruma polepole kama pikipiki iliyosimama. Akiingiza vitesi ya pili na kuachia mkono kwa ghafula, gurudumu linalazimishwa kuivuta moteri kutoka chini mpaka juu kwa nukta moja. Kazi hiyo ni nzito, nalo gurudumu linazuiwa kana kwamba mtu amekanyaga freni. Barabara ikiwa kavu, aliyebebwa anatupwa mbele. Barabara ikiwa na matope, gurudumu linateleza.

Nilimtazama tu. Akaona bado sijashika. Nje, mke wake na jirani mmoja walikuwa wanatwanga sombe katika kinu kimoja, michi miwili, mmoja anapanda mwingine anashuka. Akaniambia: "Nenda umpokee mmoja."

Nikaenda. Kama kila mmoja wenu anavyofanya, niliinua mchi, nikauchezesha mara moja hewani nikifuata mapigo ya mwenzangu, kisha nikaingia. Hakuna mchi uliogongana na mwingine, hakuna jani lililoruka.

"Kwa nini uliuchezesha hewani kwanza?" mdogo wangu akauliza.

"Ili nishike mapigo yake kabla ya kuingia."

"Basi hiyo ndiyo gazi ninayokuambia. Ambreyaje ikiwa imevutwa, unazungusha gazi kidogo, mara moja, moteri inapanda mpaka inashika mapigo ya gurudumu. Kisha unaachia. Hakuna anayemvuta mwenzake. Yule kijana aliingiza mchi bila kusikiliza."

Pesa ya MUSO

Baada ya ajali hiyo binti yangu alikataa kupanda pikipiki. Tukipita karibu na kituo cha wamotari alinishika kitenge kwa mikono miwili. Tulikuwa tunatembea kwa miguu, kwenda na kurudi, mvua au jua. Baba watoto anafanya kazi mbali, anarudi mara moja kwa miezi miwili au mitatu, na biashara yangu ya nyanya ilikuwa inakula faida yote katika kubebewa mizigo.

Ndipo niliomba mkopo katika MUSO yetu ili ninunue pikipiki iliyokwisha kutumika. Baadhi yenu mnakumbuka siku ile. Mama mmoja alisema mwanamke hawezi kukaa hivyo mbele ya watu. Mwingine aliuliza nani atanilea watoto nikifa. Swali la kwanza nililijibu kwa suruali chini ya kitenge. Swali la pili lilikuwa la haki, nikalijibu kwa ahadi: sitabeba mtu yeyote mpaka mdogo wangu aseme nimejua.

Nilidhani atasema baada ya juma moja. Alisema baada ya miezi mitatu.

Chupa ya maji

Tulijifunza kwenye kiwanja cha mpira, Jumapili baada ya ibada. Siku za kwanza hakunifundisha gazi hata kidogo. Alinifundisha kuachia ambreyaje polepole, mpaka nikajua pahali hasa ambapo moteri inaanza kulishika gurudumu. Nilifanya hivyo mpaka vidole vya kushoto vikavimba.

Kisha akafunga chupa kwenye kiti cha nyuma, chupa iliyokatwa mdomo, akaijaza maji. "Huyu ndiye mteja wako," akasema. "Zunguka kiwanja mara tano, uondoke, ubadilishe vitesi, upunguze, usimame. Ukirudi nitaangalia amebaki kiasi gani."

Siku ya kwanza nilirudi na chupa karibu tupu na mgongo uliolowa. Nikiongeza gazi, maji yalimwagika nyuma. Nikifunga gazi kwa ghafula, yalimwagika mbele. Nikapata kuelewa jambo ambalo aliyebebwa analijua na dereva hajui: dereva ameshika usukani na anajua linalokuja, lakini aliye nyuma anapigwa kabla ya kujua. Shingo ya mtoto, tumbo la mama mwenye mimba, kidonda cha mtu aliyepasuliwa, vyote viko mahali pa ile chupa.

Basi akaniongezea gazi ya kurudisha vitesi. Nitawaeleza kama alivyonieleza, maana wengi wenu mna vijana nyumbani.

Kwanza unapunguza mwendo kwa freni, mbele na nyuma pamoja, polepole. Vitesi haifanyi kazi ya freni, inakuja baada yake. Kisha unavuta ambreyaje. Unazungusha gazi kidogo na kuirudisha, haraka kama kufumba jicho, na wakati huohuo mguu wa kushoto unaingiza vitesi ya chini. Moteri ikiwa bado iko juu, unaachia ambreyaje kwa upole. Ukifanya sawasawa, hausikii kitu. Sauti ya moteri inabadilika tu, na pikipiki inaendelea kama vile hakuna kilichotokea.

Mimi nilikosea kwa kila namna. Nilitia gazi nyingi, pikipiki ikaruka mbele kama mbuzi aliyekatika kamba. Nilitia kidogo mno, ikashtuka kama ile ya siku ya mayai. Mara nyingine nilitia vizuri lakini nikachelewa kuachia, moteri ilikuwa imekwisha kushuka tena, ikawa kazi bure. Nilimwuliza mdogo wangu nizungushe mkono kiasi gani. Akasema hawezi kunipa kipimo, maana mwendo mmoja unataka gazi hii na mwendo mwingine unataka ile. Akaniambia nisikilize. Na kweli, siku niliyoacha kuutazama mkono wangu na kuanza kuisikiliza moteri, ndipo maji yalianza kubaki katika chupa.

Kulikuwa na ugumu mwingine. Gazi na freni ya mbele viko katika mkono mmoja, ule wa kuume. Mtu anayeanza akijaribu kukamata freni na kuzungusha gazi pamoja, mkono unachanganyikiwa, anaweza kutia gazi nyingi wakati anataka kusimama. Kwa hiyo kwa muda mrefu nilifanya kimoja baada ya kingine: freni kwanza, ninaachia, ndipo gazi na vitesi. Leo ninaweza kubaki na vidole viwili juu ya freni na kuzungusha gazi kwa kiganja, lakini hilo lilikuja baadaye sana, na hata sasa penye matope sifanyi.

Na hili pia: kifundo cha mkono wa kuume kikae chini, kisiinuke juu ya gazi. Kikiinuka, siku utakayoingia shimoni mwili utarudi nyuma na mkono utavuta gazi bila wewe kutaka. Barabara zetu hazikosi mashimo.

Kushuka Ngomo

Sasa hivi, mara moja kwa juma, ninakwenda kuchukua nyanya upande wa Kamanyola. Anayeijua njia hiyo anajua kwamba baada ya Nyangezi kuna mteremko wa Ngomo, ambapo mlima unakatika kuelekea bonde la Ruzizi. Upande mmoja ukuta wa mlima, upande mwingine hakuna kitu, na katikati malori.

Huko niliona desturi ambayo wamama tunapaswa kuijua. Wamotari wengi wanapofika juu wanazima moteri, au wanaweka pikipiki bila vitesi, waserereke mpaka chini ili kuokoa mafuta. Siwezi kuwacheka, mafuta ni ghali na watoto wanangoja chakula. Lakini moteri iliyotenganishwa na gurudumu haisaidii kuzuia, na freni zinabaki peke yake. Freni ya nyuma katika pikipiki zetu nyingi imefungiwa ndani ya gurudumu, na ikisuguliwa muda mrefu inapata moto na nguvu yake inapungua. Nilipita siku moja nyuma ya kijana aliyebeba mama na magunia mawili, nikasikia harufu ya freni inayoungua kabla ya kuwaona. Walifika salama. Yule mama hakujua kitu, alikuwa anaimba.

Mimi ninachagua vitesi yangu nikiwa juu, kabla mteremko haujaanza: ya pili, na penye kona kali ya kwanza. Ninarudisha kwa gazi kidogo kama nilivyofundishwa, ninafunga gazi, na moteri yenyewe inalizuia gurudumu. Freni zinabaki kwa ajili ya dharura. Gazi ikiwa imefungwa namna hiyo, mafuta yanayonyweka ni kidogo sana. Na mdogo wangu ananiambia kwamba mnyororo wangu na ambreyaje yangu vinadumu, maana kila mshtuko anaousikia abiria nacho chuma kinausikia. Hilo ndilo neno ninalowaambia vijana wasiotaka kusikia habari ya shingo za watu: angalau ihurumie pikipiki ambayo hujamaliza kuilipia.

Mama mkwe

Mwaka uliopita mama mkwe wangu aliugua nyonga. Alipaswa kwenda kwa daktari kila juma, na gari ya kukodi kwa kila safari hatukuweza. Yeye ndiye aliyesema maneno makali zaidi nilipopata pikipiki. Hakuniambia mimi, aliwaambia watu ambao alijua wataniambia.

Alijaribu motari wa kwanza, akarudi analia kwa maumivu. Alijaribu wa pili, akaomba ateremshwe njiani. Juma la tatu alikuja kwangu asubuhi, akakaa, akanywa chai yote bila kusema kitu, kisha akauliza: "Ile pikipiki yako ina mafuta?"

Nilimfunga kaske, nikamwekea mto, nikamwambia ashike kiuno changu, tukashuka. Wamama, sijawahi kuogopa kama siku hiyo, hata Ngomo. Kila nilipokaribia kurudisha vitesi nilikumbuka ile chupa. Freni kidogo. Ambreyaje. Gazi kama kufumba jicho. Achia polepole. Nyuma yangu hakukuwa na sauti yoyote, nami nikadhani ananyamaza kwa uchungu.

Tulipofika nikamwuliza: "Mama, uliumia sana?" Akasema: "Barabara wameitengeneza lini?"

Barabara hakuna aliyeitengeneza. Sikumwambia. Tangu siku hiyo ni mimi ninayempeleka, na maneno yale hayajarudi tena masikioni mwangu.

Mambo tunayoweza kudai

Wengi wenu hamtaendesha pikipiki kamwe, na si lazima. Lakini karibu sote tunabebwa, na watoto wetu wanabebwa. Kwa hiyo nawaomba mshike mambo machache.

Msichague motari kwa sababu anafika kwa kelele. Anayezungusha gazi akiwa amesimama anachoma mafuta bure na kuamsha watoto. Mtazame anavyoondoka na anavyosimama na mteja aliye mbele yako. Kichwa cha mteja kikitikisika mbele na nyuma kama kuku anayetembea, ngoja mwingine.

Mkifika juu ya mteremko, mwambie kwa upole: "Mwanangu, tushuke na vitesi, usizime moteri." Nimewaambia wengi hivyo. Wachache wamekasirika. Wengine wamesema: "Ndiyo, mama," na wamefanya.

Mama mwenye mimba, mgonjwa, mama aliye na mtoto mgongoni, aseme kabla ya kupanda, si baada ya kuumia. Motari haoni kilicho nyuma yake. Na mtoto akipanda katikati kama alivyopanda wangu, mkumbuke kwamba uzito wa mama wote unamjia yeye pikipiki ikishtuka. Acheni nafasi, na mshike chuma cha nyuma kwa mkono mmoja. Basi mayai yabebwe safari nyingine.

Na kama mnaye kijana anayetaka kazi hiyo, msimwache afundishwe alasiri moja.

Mtihani

Neno hilo la mwisho ninajiambia mimi mwenyewe. Mtoto wangu wa kwanza ana miaka 18. Shule ya msingi imekuwa bila malipo tangu mwaka 2019, lakini yeye yuko sekondari, na amebakiza mwaka mmoja afanye mtihani wa Serikali. Likizo hii alikuja akaniambia anataka kuchukua pikipiki yangu siku ambazo mimi siitumii, abebe watu, apate pesa ya shule yake mwenyewe. Ni wazo zuri. Usiku huo sikulala.

Maana nilikuwa nimekwisha kumwona. Aliiwasha uani mbele ya rafiki zake, akazungusha: vuum! vuum! Wakacheka, wakampiga mabega. Niliisikia kelele ile nikiwa jikoni, nikaona matope ya Kadutu na mayai.

Sikumkataza. Nikimkataza atakwenda kwa rafiki, na rafiki atamfundisha alasiri moja. Nilimwita mdogo wangu, tukaenda kiwanjani, tukafunga chupa. Nikamwambia mwanangu: utabeba watu siku maji yatakapobaki. Akauliza ni nani atakayeamua kwamba yamebaki ya kutosha. Nilitaka kusema ni mjomba wake. Lakini binti yangu, ambaye sasa ana miaka tisa, alikuwa amekuja nasi, amesimama mbali kidogo na pikipiki kama kawaida yake. Akasema: "Mimi."

Hakuna aliyebisha. Katika nyumba yetu ni yeye anayejua bei ya kuachia mkono haraka.

Tumekwenda Jumapili tatu. Kila mara kaka yake anazunguka mara tano, anarudi, anasimama. Yeye anakaribia, anachuchumaa, anaitazama chupa kwa jicho moja kama fundi. Jumapili ya kwanza ilikuwa tupu. Ya pili yalibaki maji ya kunawa vidole. Juzi yalifika nusu, na nilisikia mwenyewe, kona ya mwisho, gazi ndogo moja iliyokaa mahali pake, pikipiki ikapungua bila kutikisika. Moyo wangu ukaruka. Kijana alishuka akitabasamu, akijua ameweza.

Binti yangu aliitazama chupa kwa muda mrefu. Kisha aliweka mkono wake juu ya kiti cha nyuma, mkono uleule uliovunjika, kitu ambacho hajakifanya kwa miaka minne.

"Bado," akamwambia kaka yake. "Jumapili ijayo jaza tena."